Popi hakunguruma

Ilikuwa jioni, tumekaa barazani, mpwa wangu wa miaka 5 amepiga magoti kwenye mkeka na amemkumbatia Popi shingoni kama anavyomkumbatia siku zote, kalibana shavu lake kwenye shavu la mbwa huku anaimba wimbo wa shule. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale, simu mkononi, nasoma ujumbe ambao hata siukumbuki ulihusu nini. Nikasikia meno yanagongana, tak, halafu kilio.

Hakubweka. Hakunguruma.

"Bila onyo lolote." Ndivyo alivyosema dada yangu, ndivyo mama alivyorudia, na ndivyo mimi mwenyewe nilivyomwambia nesi saa moja baadaye, tena bila kusita. Imenichukua karibu wiki 6 kukubali kwamba maneno yale hayakuwa kweli, na kila nikizima taa yananirudia, ndo maana nimeamua kuandika.

## Maji na sabuni

Jino lilikuwa limemkwaruza mkononi, juu kidogo ya kiganja, mkwaruzo mfupi kama njiti ya kiberiti, na damu kidogo. Kwa macho si kitu. Mama alishachukua kitambaa afunge, mi nikambeba mtoto mpaka bombani, nikafungulia maji, nikachukua sabuni, dakika 15 kwa saa, analia ananiambia mjomba inatosha, na mimi nasema bado mama, bado kidogo. Hilo nalijua siku nyingi. Virusi vya kichaa cha mbwa vinakaa kwenye mate, vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni inauvunja ule utando. Kuosha peke yake hakutoshi, hospitali lazima, lakini watu wengi tunakimbilia kufunga kidonda na kuyafungia mate humo humo ndani.

Halafu nikaenda kutafuta kadi ya chanjo ya Popi.

Nilijua ipo. Nilijua kachanjwa. Nikaikuta kwenye droo chini ya marisiti, nikasoma tarehe ya kurudia, imepita miezi 4.

Unakaa pale na kadi mkononi, mtoto wa dada yako analia huko nje, na unajua kabisa kwamba huu ugonjwa ukishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na unajua pia kwamba hadi watu 99 kati ya kila 100 wanaoupata wameambukizwa na mbwa, na wewe kila mwezi ulikuwa unasema mwezi ujao. Sina utetezi. Daktari wa mifugo nilikuwa namjua, namba yake ninayo, nilisahau kwa sababu mbwa alikuwa anaonekana mzima.

Nesi hakunigombeza. Alimwanzishia mtoto chanjo usiku ule ule, akaangalia na ya pepopunda, halafu akaniambia kitu ambacho sikukitegemea: "Huyo mbwa msimuue wala msimfukuze. Mfungieni mahali salama mumwangalie siku 10."

Hizo siku 10 zina sababu yake. Virusi vinaingia kwenye mate ya mbwa siku chache tu kabla ya dalili kuanza, na dalili zikianza mbwa hachukui muda, anakufa. Kwa hiyo mbwa aliyeuma leo, siku ya 10 akiwa bado mzima, basi siku ile anauma mate yake hayakuwa na virusi.

Nikabaki na kazi moja. Kumwangalia mbwa.

## Upande gani?

Nilimfungia kibandani kwake, mlango wa wavu, bakuli linapita kwa chini. Nikachukua daftari. Asubuhi na jioni nakaa kwenye kigoda mbele ya wavu, simu nimeiacha ndani, naandika. Amekunywa maji. Amesimama akajinyoosha. Ametikisa mkia. Popi ana miaka 7 na sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa nikamtazama tu, bila kumwita, bila kumtuma, bila kumpa amri yoyote.

Siku ya 3 jioni, chakula kikamdondoka mdomoni.

Nikajua ni bahati mbaya. Akaokota, kikadondoka tena, na pembeni ya mdomo udenda mrefu unaning'inia. Anayezijua dalili za kichaa cha mbwa anajua kilichonipata pale: taya kulegea, mate kutiririka, kushindwa kumeza. Siku hiyo hiyo mtoto alikuwa ametoka kuchomwa sindano ya pili. Mikono ilinitetemeka nikashindwa hata kufungua simu vizuri, nawaza dada nitamwambia nini, nawaza kama ile kadi ningeisoma miezi 4 iliyopita saa hizi ningekuwa nimelala.

Daktari wa mifugo alipokea. Hakuniambia tulia, alianza kuuliza. Anakunywa maji? Anakunywa. Sauti yake imebadilika? Hapana. Miguu ya nyuma haimlegei? Hailegei. Anakutambua? Ananitambua, hata sasa hivi anatikisa mkia.

"Anatafuna upande gani?"

Nikanyamaza. Miaka 7 nampa chakula kila siku ya Mungu na sikuwa na jibu.

"Nenda kamwangalie. Nasubiri."

Nikarudi kwenye wavu na tochi. Kushoto. Anainamisha kichwa, anakisukuma chakula kwa ulimi kipite kushoto, kikiponyoka kikaenda kulia anakitema. Na udenda unatoka upande mmoja tu, ule wa kulia.

Akasema inaelekea ni jino, ila nisithubutu kutia mkono mdomoni, na yeye mwenyewe hatatia, mpaka siku ziishe. Chochote kikibadilika nimpigie hata usiku wa manane. Akauliza kama nimempa dawa. Sikuwa nimempa, lakini paracetamol nilishaitoa kabatini, ilikuwa mfukoni. Nisimpe, akasema, hiyo wala ibuprofen, hizi dawa zetu za maumivu zinaweza kumharibu mbwa ini, tumbo, figo, mpaka akafa, na wapo wanaowapa kwa upendo kabisa. Kesho yake akaniletea ya mbwa, nikawa naiweka kwenye chakula laini.

Siku ya 4. Ya 5. Ya 6.

Siku ya 10 asubuhi Popi alisimama nyuma ya wavu, mkia unagonga mabati, pwa pwa pwa, anataka kutoka. Nikakaa chini pale pale nikalia. Hospitali wakasimamisha sindano za mtoto zilizobaki.

## Alikuwa anakula

Mbwa mzima ana meno 42. Lililomsumbua Popi ni lile kubwa la juu, upande wa kulia, analopasulia vitu vigumu. Lilikuwa limemeguka ubavuni kama kigae, na katikati ya pale lilipomeguka kuna kidoa cheusi, maana yake ndani kote kumeshafunguka. Eksirei ikaonyesha usaha kwenye mzizi. Jino hilo lina mizizi 3, haling'olewi kwa kuvuta, alipigwa nusu kaputi, likapasuliwa vipande likatoka kipande kimoja kimoja.

Nikauliza ni la lini. Daktari hakunipa tarehe, akasema si la wiki hii wala mwezi huu.

"Lakini dokta, alikuwa anakula!"

Akanijibu taratibu kwamba mbwa mara nyingi hasusi chakula kwa sababu ya jino. Njaa haisubiri maumivu yapoe. Anahamisha upande, anameza bila kutafuna, anamaliza bakuli, na mwenye mbwa akiona bakuli tupu anaridhika. Lililovunja jino pengine ni yale mafupa magumu niliyokuwa nampa nikiamini yanamsafisha meno. Akanionyesha kipimo ambacho nimekishika mpaka leo: kitu chochote unachotaka kumpa mbwa atafune, kibonyeze kwa ukucha wa dole gumba, kama ukucha hauachi alama basi ni kigumu mno kwa meno yake.

Nikiwa nimekaa pale nje nasubiri azinduke, vitu vikaanza kurudi kimoja kimoja. Ile kamba aliyokuwa anapenda tuvutane, aliiacha lini? Nilidhani amezeeka. Nikimshika kichwa kwa mkono wangu wa kushoto, upande wake wa kulia, anageuka anaondoka polepole. Nilidhani amechoka. Wageni wakija hawarukii tena, anakaa mbali, na watu wananiambia mbwa wako ana adabu siku hizi, umemlea vizuri.

Nilikuwa nasema asante.

Na lile shavu ambalo mtoto alilibana kwa shavu lake jioni ile lilikuwa la kulia.

## Picha

Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana machoni kwa muda, homoni ya oksitosini inapanda kwa wote wawili, ile ile inayopanda mama akimtazama mwanawe mchanga. Niliipenda sana habari hiyo nilipoisoma, nikawa nawaelezea watu kuthibitisha kwamba Popi na mimi tuna jambo letu. Sasa nikajiuliza, mimi huyu mbwa namtazama saa ngapi?

Nikafungua simu, nikatafuta picha zake zote na mpwa wangu. Zile nzuri, tulizozituma kwa ndugu, watu wakaandika jamani upendo. Nikazikuza moja moja.

Kwenye kila picha mtoto anacheka. Na kwenye kila picha Popi amegeuza kichwa pembeni. Masikio yamelala nyuma. Jicho linaonyesha weupe kama mwezi mwembamba, maana kichwa kimeenda huku na jicho linamfuata mtoto kule. Kwenye moja analamba pua, kwenye nyingine anapiga miayo na ilikuwa saa nne asubuhi. Kuna moja mdomo wake umefungwa kabisa na mwili umekakamaa, na chini yake niliandika "anapenda kweli kukumbatiwa."

Hizi ni lugha, na si siri, mtu yeyote aliyesoma kidogo tabia za mbwa anazijua. Kugeuza uso, kulamba midomo hakuna chakula, miayo bila usingizi, kuganda. Baada ya hapo ndo kunguruma, kisha kuonyesha meno, kisha kuuma hewa, na kuuma nyama ni mwisho kabisa. Kukumbatiana ni kwetu sisi, mbwa wengi wanaona wamebanwa, wengine wanavumilia kwa sababu wanatupenda, na Popi alivumilia na jino bovu juu yake, sijui mara ngapi.

Bila onyo lolote, nilisema. Nilikuwa nayo maonyo kwenye simu, na nimeyahifadhi.

Lakini hata hivyo kuna kitu hakikukaa sawa. Ngazi moja haimo. Ile ya sauti.

## "Kwa nini hakusema?"

Wiki mbili baadaye mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, Popi hanipendi tena?"

Nikamwambia anakupenda, alikuwa anaumwa jino, ulivyomshika palimuuma sana. Akafikiri. Ana jino lake la mbele linacheza, kwa hiyo habari za meno anazielewa.

"Sasa kwa nini hakusema?"

Sikumjibu. Nilimjibu kitu, nadhani nilisema mbwa hawaongei, lakini ule ulikuwa uongo na nilijua ni uongo kabla haujanitoka.

Popi alikuwa na mwaka mmoja hivi. Anakula, na mimi nikatia mkono kwenye bakuli lake, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa mbwa lazima ajue nani mkubwa, na njia ya kumjulisha ni kumchukulia chakula. Akanguruma. Nikavua ndala nikampiga puani. Kesho yake tena mkono, tena akanguruma, tena ndala. Siku ya 4 au ya 5 nikatia mkono, akaganda, akaniangalia, kimya.

Nilifurahi mno. Kwa miaka nimewapa watu ushauri huo, wengine wakaufuata.

Sikumfundisha kwamba mkono wangu kwenye bakuli ni salama. Nilichomfundisha ni kwamba akisema anapigwa. Woga ulibaki pale pale ulipokuwa, nilichokitoa ni sauti yake, na nikakiita kile kimya adabu, halafu kimya hicho hicho ndo kikaficha jino, na kimya hicho hicho ndo kilikuwepo barazani mtoto alipomkumbatia. Ngazi ile niliing'oa mimi. Mbwa akabaki anaruka kutoka kugeuza uso mpaka kwenye meno, na katikati hakuna kitu.

Ningefanyaje? Ningemwacha ale kwa amani, kwanza. Na kama bakuli lazima niliguse, ningepita namrushia kitu kitamu kuliko kilichomo, leo, kesho, keshokutwa, mpaka mkono wangu ukikaribia ajue unaleta, hauchukui. Na angenguruma ningesimama hapo hapo, nijiulize anaogopa nini. Ni kazi ya wiki mbili tatu. Ndala ni ya siku 4, ndo maana inapendwa.

## Dada yangu

Sitaki mtu asome hapa akadhani namsafisha mbwa. Dada yangu aliniambia, "Kaka, mi Popi simchukii, lakini siwezi kulala mtoto akiwa kwako," na yuko sahihi, sina neno la kumjibu. Ule mkono ungekuwa jicho. Watoto wadogo wanaoumwa na mbwa mara nyingi wanaumwa na mbwa wanayemfahamu, wa nyumbani au wa jirani, na mara nyingi ni kichwani na usoni kwa sababu ndipo urefu wao unapofika. Sisi tunaogopa mbwa wa barabarani, huku mtoto tumemwacha mkekani na wa nyumbani.

Kuna ndugu walisema achomwe sindano ya kulala yaishe. Nililifikiria. Kuna usiku niliona ndilo jambo la haki, na kuna usiku niliona ni kumwua shahidi. Daktari hakuniamulia, alisema tu kwamba mbwa aliyebadilika tabia ghafla apimwe mwili kwanza, meno, masikio, viungo, tumbo, kabla hajahukumiwa, halafu ndo tuzungumze. Jino linaeleza kilichotokea. Halifuti. Naweza kusema aliuma kwa sababu ya maumivu, lakini siwezi kumwahidi dada kwamba Popi hataumwa tena kitu kingine siku moja akiwa na miaka 9, 10, viungo vimechoka, macho yanaingia ukungu.

Kwa hiyo siahidi. Mtoto na Popi hawakai pamoja bila mtu mzima anayeangalia, na kuangalia ni kuangalia, mimi jioni ile nilikuwepo na sikuangalia. Popi ana kona yake ambayo akiingia hakuna anayemfuata, hata mimi. Hakuna kumkumbatia. Kadi ya chanjo iko ukutani, na chanjo amepata. Dada bado hajaamua kama mtoto atalala kwangu tena na mi simharakishi.

## Mwiba

Wiki iliyopita Popi alikuwa anachechemea. Nikakaa chini, nikashika mguu wa mbele, nikapitisha kidole katikati ya vidole vyake kutafuta.

Akanguruma.

Sauti ndogo, ya ndani, kama injini ya mbali. Na mara moja akalala chini, masikio nyuma, macho yamefumba nusu, anasubiri ndala. Miaka 6 imepita tangu nimpige mara ya mwisho.

Nikaachia mguu. Nikarudisha mikono yangu yote miwili mapajani nikakaa tu, sijui muda gani, mpaka akafungua macho. Nikamwambia nimesikia. Baadaye nikampa nyama kipande, nikagusa mguu kwa juu, kipande, nikagusa chini kidogo, kipande. Tulimaliza jioni. Ulikuwa mwiba mwembamba ambao ningeutoa kwa dakika moja kwa nguvu.

Jumamosi dada alikuja na mtoto mchana, wakakaa. Mpwa wangu nimemfundisha: hatumfuati, tunamwita; akija tunamkuna kifuani tukihesabu mpaka 3, tunaacha, akisogea tunaendelea, akikaa kimya tunamwacha. Alisimama mlangoni, mama yake nyuma yake kamshika bega, akaita, "Popi! Popi njoo!"

Popi akainua kichwa pale kwenye kona yake. Akamtazama. Akapiga miayo, akageuza uso ukutani, akalala.

Mtoto akasubiri kidogo.

"Leo hataki," akasema, akaenda kucheza.